Taa za Kuwaka Ukisimama

"Taa gani hizi zinawaka nikishika breki tu?" Shitanda alifoka mbele ya kibanda cha Gachanja, pale Majengo, pikipiki kaishika kama mshtakiwa. "Mpaka nisimame ndiyo nione nilikokuwa nikienda?"

Gachanja, fundi wa waya, hakuinua hata kichwa. "Si ulisema mwenyewe Jumamosi? 'Nataka taa ziwake nikisimama.' Haya, simama tuone. Zinawaka ama haziwaki?"

Zilikuwa zinawaka. Hilo hakuna aliyelibisha.

Taa ya zamani, kabla haijapasuka, ilikuwa na tabia ya kufifia kila pikipiki iliposimama. Kwa hiyo Shitanda alitaka kusema "hata nikisimama", lakini lile "hata" akalimeza, maana ni mtu wa kumeza maneno halafu akashangaa watu hawajayasikia. Gachanja naye kuuliza ni mwiko. Akachukua waya wa taa ya breki, akauunganisha na taa mbili za gari kuukuu. Mbili, kwa sababu Shitanda alisema moja ni ya watu wa kawaida. Walipozijaribu, mheshimiwa alikuwa amekaa juu ya kiti, breki kaishika kwa maringo. Zikawaka. Wakapeana mikono kama mawaziri.

Huyu Shitanda alianza Soko la Burma akibeba mapaja ya ng'ombe begani. Baadaye Hared, mwenye bucha, akamkabidhi pikipiki yenye sanduku la bati, awe akipeleka nyama Mowlem kabla jua halijachomoza. Tangu siku hiyo akasahau kwamba ana miguu. Hata msalani angeenda nayo, kama mlango ungekuwa mpana.

Sasa Jumatatu hiyo hiyo alfajiri, kabla ya kuja kufoka, alitoka Burma vizuri, chini ya taa za barabarani. Zilipoisha, giza likamfunika gubigubi. Akasikia mtu akipiga mbinja mbele yake, akashika breki, na mara kukawa kweupe kama mchana: akauona vizuri sana mkokoteni wa kabichi aliokwisha kuupanda. Maini yakatapakaa kwenye tope. Hared hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho nyama ikichelewa, ufunguo mpe Simiyu."

Simiyu ni yule aliyerithi kubeba mapaja, na siku hizi alikuwa akiitazama ile pikipiki jinsi mtu anavyomtazama mke wa jirani.

"Nilimaanisha hata nikisimama! Tengeneza sasa hivi," Shitanda akasema. "Kazi yangu iko hapo."

"Nitatengeneza. Lakini wewe una neno lingine. Umeingia hapa bila salamu, na jana uliniaga kama mtu anayefukuza mbwa. Sema."

"Hakuna neno."

"Liko."

Kageha, mkewe Shitanda, aliyekuwa ametoka Gikomba na kikapu chake na sasa akingoja kupakiwa, akachoka kungoja. "Ni firigisi, shemeji."

"Firigisi?"

"Jana ulipokuja kula kuku wetu, malipo ya kazi yako. Nilikuwekea bakuli kwanza kwa sababu u mgeni. Ukaingiza kijiko, ukaichagua firigisi, ukaila. Kwetu hiyo ni ya mwenye nyumba. Watoto wangu wanajua hivyo kabla hawajajua kufunga vifungo."

Gachanja akaweka koleo chini. "Mzee mzima! Umeninunia kwa kipande kisichojaza hata kijiko? Si ungesema! Kwetu mgeni akiwekewa bakuli, kilicho ndani ni chake. 'Hata' umelimeza, na hili nalo ukalimeza!"

"Yeye humeza kila kitu," Kageha akasema. "Isipokuwa firigisi."

Gachanja alicheka mpaka akamwaga chai yake. Shitanda hakuona cha kuchekesha. Hata hivyo fundi aliutoa ule waya kwenye breki, akauleta kutoka kwenye betri kupitia swichi ya usukani, na mara hii akauliza: "Ukienda ziwake? Ukisimama pia? Sema neno zima, baba." Shitanda akalisema zima, kwa taabu, halafu akawasha na kuzima, akawasha na kuzima, jua la mchana likimtazama.

Kesho yake nyama ilifika Mowlem wenye bucha wakiwa bado wanapiga miayo. Watu wa mikokoteni walikuwa wakiruka kando wakidhani ni lori. Simiyu akaendelea na mapaja yake.

Jumapili iliyofuata Gachanja alibisha hodi Jericho, kwa akina Shitanda, jogoo hai kwapani. Kageha akampika. Bakuli lilipofika mezani, fundi alilipekua kwa kijiko mpaka akaipata, akaiweka kwenye sahani ya mwenye nyumba. Watoto wakaketi wima kama wako kanisani. Shitanda akatafuna polepole, macho darini, kama mtu anayeapishwa.

"Haya, deni limekwisha?" Gachanja akauliza.

"Limekwisha," Shitanda akasema, akilamba kidole. "Ingawa jogoo wako alikuwa mzee."