Beji ya Bunduki Begani kwa Bahati

Kuna asubuhi moja ya Isipingo, mji wa kusini kabisa mwa Afrika, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka naiacha chai ipoe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nauza makoti ya mtumba karibu na stendi ya teksi, kijana wa maneno mengi, nahesabu vifungo mara mbili kabla ya kutaja bei. Koti moja la jeshi la Kiingereza lilikuwa na tundu la sigara begani kulia. Nikaliziba kwa beji niliyoikuta mfukoni mwa koti jingine: bunduki mbili zilizopishana. Bahati, kinyozi wa Kikongo aliyekimbia vita, akaliulizia.

“Hii alama ni ya nini?”

“Mapambo tu, ndugu yangu. Nimekuongezea bure.” Bure ya mfanyabiashara, unaijua.

Akalipa, akalivaa papo hapo. Hakufika hata kwenye robot, zile taa za barabarani. Mama mmoja muuza ndizi, mtu wa Uvira, Mkongo mwenzake, alimwona, beseni likamponyoka.

“Iko na bunduki ku bega! Huyu ni askari! Ni batu kama hawa baliua bwana yangu!”

Watu wakamzunguka, wakamkaba kola. Mmoja alishaokota tofali.

“Mimi ni kinyozi! Nimelinunua sasa hivi!” Bahati akanitazama. Nami, mwanangu, nikainamia makoti yangu, nikahesabu vifungo upya.

Aliyepenya umati ni Mzee Kondo wa mtaa wa Umbilo, Mtanzania aliyekuwa askari wa Mwingereza ujanani. Akalishika lile bega.

“Hii hupewa aliyefaulu mtihani wa shabaha, na huvaliwa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mimi niliivaa. Mwaka nilioshindwa, sajini aliifumua mbele ya kikosi kizima. Bega la kulia? Hata kuruta hakosei hivi. Huyu kavishwa na mtu asiyejua kitu.” Akanigeukia. “Wewe hodari wa kuhesabu, unasubiri afe ndipo useme?”

“Ni mimi niliyeibandika,” nikasema. Tofali likashuka. Yule mama akaketi chini katikati ya ndizi zake, akalia kwa sauti, na hakuna aliyejua amshike vipi.

Mwanangu, usimvike mtu alama usiyojua hutolewa kwa nani na kwa nini. Uliza kwanza, hata kama mteja ameshafungua pochi. Na kosa likiwa lako, litaje kabla hujatafutwa. Mimi nilichelewa pumzi chache tu, na zingetosha kumuua mtu. Mungu akupe ulimi mwepesi saa kama ile, na kila jioni akufikishe kwako mzima.