Gari la Kitheka Lililoazimwa Vipande Vipande

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa gereji kando ya Barabara ya Naivasha, Kawangware, bado una umande juu ya maboneti. Timothy Kitheka amelala chali kwenye gunia chini ya gari, na kinachoonekana ni miguu yake tu. Mkono mmoja unachomoza, unapapasa vumbini, unaipata spana namba kumi na nne, unarudi ndani bila mwenyewe kuchungulia.

Anafunga stata, mota ya kuwashia injini. Fundi huyu wa miaka 59 ametembea saa nzima kutoka Makina, Kibera, kama afanyavyo kila siku, ila leo ametoka nyumbani kabla ya chai. Ni Ijumaa. Ikifika saa sita mchana, gari lililo juu ya kifua chake liwe linatembea lenyewe, la sivyo litakatwa na kuuzwa kwa kilo.

Limebakiza kitu kimoja tu ili litembee: rejeta, ile ya kupoza maji ya injini. Pale mbele ilipopaswa kukaa pana shimo, na jua la asubuhi linapenya hadi kwenye injini.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet GT Turbo ya mwaka 1993. Zamani lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya chai ya maziwa. Lina milango miwili ubavuni na wa tatu mgongoni, unaofunguka kwenda juu. Asiyejua ataona kigari cha kupeleka mboga sokoni. Anayejua husimama, akainama, akachungulia ndani.

Injini haifiki hata lita moja na nusu, lakini turbo, feni inayoisukumia hewa, inaifanya itoe nguvu za farasi 135, na gari zima lina uzito wa kilo mia nane na ushei. Kitheka anatoka chini ya gari ili alieleze hilo vizuri, maana hapendi kulisema akiwa amelala.

"Kilo mia nane ni ng'ombe watatu wa kwetu Kitui, tena wa kiangazi," anasema. "Sasa uwafungie farasi mia moja na thelathini na tano. Utawashika na nini?"

Alilinunua mwaka 2004 kutoka kwa daktari wa meno, mteja wake, aliyekuwa akihamia ng'ambo. Bei ilikuwa shilingi 190,000, akiba ya miaka sita. Wenzake wa rika lake walikuwa wakinunua ploti Kitengela. Yeye alinunua turbo, akarudi nayo kwenye chumba cha mabati ambacho kodi yake ya mwezi haikujaza tangi la petroli. Majirani walicheka hadi wakachoka.

Gari lilihitaji pa kulala. Mzee mmoja wa msikitini Makina alimruhusu aliegeshe kando ya ukuta wa msikiti, kwa sharti kwamba asiliwashe watu wakiwa kwenye swala. Kitheka ni Mkristo wa kanisa la kwao, lakini sharti hilo alilishika kama amri. Kila Jumapili alfajiri alilisukuma kwa bega, taratibu, hadi barabarani, ndipo alipotia ufunguo.

Halafu akaenda. Barabara ya Ngong ikiwa tupu, Karen, kisha huko nje ambako miti inakimbia. Hakuwa na safari yoyote. Alienda, akageuka, akarudi kuoga aende kanisani.

Ukimuuliza lilikuwaje kuliendesha, anafumba macho. Anasema ulikuwa unakanyaga mafuta na kwanza hakuna kitu, kimya, hata unadhani limekufa. Kisha unasikia filimbi nyembamba kutoka mbele, na kabla hujajua ni ya nini, kiti kinakusukuma mgongoni. Usukani ulikuwa mgumu kama wa trekta, na barabara uliisikia mikononi, kokoto moja moja. Magari ya leo, asema, yanakubeba tu kama mgonjwa.

Mkewe, Kamene, anauza mapazia ya mitumba soko la Toi, na ana kumbukumbu yake mwenyewe. Krismasi ya 2005 walikuwa wakienda Kitui, mtoto wao Mbithi akiwa mapajani, wakati gari kubwa jeusi lilipowafuata nyuma likiwawashia taa wapishe. Walikuwa wameanza kupanda mlima kabla ya Machakos. Kitheka hakupisha. Alirudisha gia hadi ya tatu.

"Kamene alishika dashibodi akaanza kuomba kwa Kikamba," anasimulia Kitheka. "Tukapanda, tukapanda, lile jeusi likawa dogo kwenye kioo. Tulipofika juu akaacha kuomba. Akaniuliza, Baba Mbithi, kuna mlima mwingine?"

Kamene hakatai. Anasema tu kwamba aliuliza kwa ajili ya mtoto.

Kwa miaka kumi gari lilienda hivyo. Lililolisimamisha halikuwa ajali wala kutu. Lilisimamishwa na moyo wa mwenyewe.

Siku moja mwaka 2014 dereva wa teksi aitwaye Nyongesa alifiwa na stata mbele ya gereji, abiria wake akiwa na ndege ya kuwahi. Teksi ilikuwa Starlet ya kawaida, na spea nyingi za Starlet hizi zinaingiliana. Kitheka alifungua ya kwake, akamfungia, akamwambia airudishe Jumamosi. Jumamosi ikapita. Gari likiwa limesimama, mwezi uliofuata mtu mwingine akaja na alternata iliyoungua, ile ya kuchaji betri. Kwa kuwa la Kitheka halitembei, alternata inafanya nini humo? Ikatoka. Ikafuata distributa, taa moja, kioo cha ubavuni, pampu ya mafuta.

Wateja wa Kawangware wana desturi yao: mwenye gari huletewa kiti cha plastiki akakaa kulilinda, maana akigeuza shingo anaweza kurudi nyumbani na spea zisizo zake. Kwa Kitheka watu hurudi nyumbani na spea zisizo zao kweli, ila ni za fundi. Siku nzuri anatengeneza shilingi elfu mbili, mbaya anaenda mikono mitupu, lakini mkono wa birika hajawahi kuwa nao.

"Gari lake linatembea Nairobi nzima," hupenda kusema Kamene. "Hapa kwetu tu ndipo halipiti."

Kilichobaki ni injini na turbo yake, kwa kuwa turbo haiingii kwenye Starlet ya kawaida. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja Kitheka amezimwagia silinda mafuta kidogo na kuizungusha injini nusu mzunguko kwa spana, kwa mkono, isigande. Mafundi wengine waliona ni wazimu.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja Gathogo, mwenye uwanja. Anajenga nyumba za kupangisha upande wa nyuma, na nafasi imekuwa finyu. Hakuwa na maneno mengi. Gari linalotembea litapata pa kusimama kwenye ua. Lisilotembea, mwisho Ijumaa saa sita, lori la vyuma chakavu litalichukua.

Kitheka alijua spea zake ziko kwa nani. Kila moja. Lakini kuna sharti ambalo mafundi wa pale hawaliandiki popote: kitu ulichomtolea mtu aliyekwama barabarani hakidaiwi. Akikumbuka atarudisha, asipokumbuka umemsaidia. Fundi anayepiga simu kudai huonwa kama aliyemnyang'anya mgonjwa dawa mdomoni. Kitheka alishika tama wiki nzima. Hata nyumbani alikula kidogo.

Kamene alivumilia hadi Jumatatu. Usiku huo alichukua simu ya mumewe, akanakili namba za wateja wa zamani, na kesho yake, katikati ya mapazia yake, akaanza kupiga moja baada ya nyingine. Kitheka alipogundua aliona haya hadi akatoka nje. Alimwambia mkewe kwamba amemvunjia heshima, kwamba fundi hadai.

"Ni kweli, fundi hadai," Kamene alimjibu. "Mimi si fundi."

Watu walianza kuja Jumatano. Alternata ilifika kwa bodaboda kutoka Kangemi, imefungwa ndani ya sweta ya shule. Kioo cha ubavuni kilirudi na ufa. Aliyekuwa ameuza gari lake na spea ya Kitheka ikiwa ndani alinunua nyingine akaileta, akaiweka chini, akaondoka bila kunywa chai. Mtu mmoja alikuja mikono mitupu, akaomba radhi, akashinda siku nzima akisugua kutu.

Nyongesa alikuja Alhamisi jioni. Teksi alishaiuza zamani, lakini stata aliitoa kwanza. Imekaa chini ya kitanda chake Gatwekera, kwenye gunia, miaka yote hiyo.

"Fundi, hii kitu imenisumbua roho," alisema. "Nilikuwa nikifika Dagoretti Corner napitia ile njia ingine, nisionane na wewe."

Kitheka aliipokea kwa mikono miwili.

Ndiyo stata anayoifunga asubuhi hii. Ikabaki rejeta.

Saa nne Starlet ya buluu inaingia getini. Mwenyewe ni Lavender, muuguzi anayetoka zamu. Miaka minne iliyopita Kitheka alimkuta barabara ya Kabiria gari likitoa mvuke, naye akichelewa kazini, akamvulia rejeta yake. Lavender anashuka, anamkabidhi ufunguo na kukataa kiti cha plastiki.

"Fundi, toa," anasema. "Mimi nitapanda boda."

Kitheka anaenda, anafungua boneti, anaiona rejeta yake. Anaigusa. Kisha anafunga boneti. Anamuuliza Lavender kesho ataenda kazini na nini, na kesho kutwa, na mshahara unaingia lini. Lavender anamwambia hilo si shida yake. Kitheka anatikisa kichwa. Hajawahi kumwacha mtu bila gari ili yeye awe na gari, na hataanza leo, na kama ni kilo basi liende kwa kilo.

Mafundi wanamzunguka. Kamene, aliyefunga kibanda chake Toi kwa ajili ya siku hii, anageukia ukuta. Saa tano inakaribia.

Lavender anamsogelea Kitheka.

"Basi nipe zamu yangu ya kusaidia," anasema. "Chukua kwa lisaa limoja tu. Litembee, mwenye ploti aone, halafu unirudishie. Si hivyo ndivyo umefanyia watu?"

Katika miaka thelathini na nne ya ufundi Kitheka hajawahi kuwa upande wa anayepokea. Anapiga moyo konde, anaitikia kwa kichwa, na mara mikono kumi inaingia chini ya boneti mbili. Rejeta inatoka huku, inaingia kule, mipira inakazwa, maji yanamiminwa.

Saa sita kasoro dakika kumi Gathogo anafika, na nyuma yake lori lenye mizani. Kitheka yuko kwenye usukani. Anazungusha ufunguo. Stata inalia, injini haishiki. Mara ya pili inakohoa, moshi mweupe, inazima. Dereva wa lori anashuka na kujinyoosha.

Mara ya tatu linawaka.

Kwanza ni mngurumo wa kawaida, mbovu kidogo, wa gari lililolala sana. Kitheka anakanyaga mafuta polepole. Kisha inakuja filimbi. Nyembamba, ya juu, safi, kutoka kwenye kigari hiki cha rangi ya chai. Wauza mahindi barabarani wanageuka. Fundi mmoja mzee anavua kofia na kuibana kifuani, na ukweli ni kwamba hakuna aliyeona ajabu.

Kamene anaingia bila kuitwa. Wanatoka getini, wanashika barabara kuelekea Dagoretti Corner, na sauti inawafuata hadi inapotea. Dakika ishirini baadaye wanarudi. Kitheka hashuki. Amekaa na mikono juu ya usukani, machozi yanamtiririka, na wala hayafuti.

Gathogo si mjinga. Ameiona Starlet ya buluu iliyosimama pembeni na tundu mbele. Mafundi wanangoja.

"Nilisema litembee," anasema hatimaye. "Sikusema litembee na rejeta ya nani."

Analipungia lori liondoke.

Kufikia saa nane mchana rejeta imerudi kwa Lavender, imekazwa na kukaguliwa mara mbili, naye amekwenda nyumbani kulala. Starlet ya Kitheka iko kwenye nafasi yake mpya kando ya ua, imesimama tena.

Hana wasiwasi nalo. Ameanza kuweka akiba ya rejeta iliyotumika. Mpango ni Desemba aende Kitui, Mbithi akiwa dereva, maana kijana huyo ana miaka ishirini na moja na mlima ule aliupanda akiwa mapajani, haukumbuki hata kidogo. Kitheka anataka asikie mwenyewe.

Je, kesho Starlet ikimfia mtu pale getini, inataka stata? Kitheka hasiti. Atamwambia aende Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, akanunue, anasema, maana funzo ameshalipata. Kamene anakunja gunia.

Fundi anafunga boneti, anafuta mikono kwa kitambaa, anatazama barabarani.

"Labda awe na mtoto ndani ya gari," anasema. "Au mvua iwe inanyesha."