Makofi Yangu Siku ya Wazazi

Mimi ndiye yule mwalimu niliyeletwa Eldas kutoka Bungoma, ninayebishana na kila mtu kwamba mtoto aonyeshe ujuzi, si kukariri. Basi siku ya wazazi nikamsimamisha Hibo wa darasa la nne aonyeshe jinsi wanavyoita mbuzi nyumbani kwao.

Akawaita kwa majina, mmoja mmoja, sauti ikitetemeka. Nikadhani ni haya. "Usiache hata mmoja," nikamhimiza. Machozi yalipomtoka nikaona anaigiza vizuri, nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu.

Mama yake akaja, akamfuta uso kwa ncha ya shali.

"Mwalimu," akaniambia taratibu, "hiyo yote anaita ilikufa kiangazi. Imebaki majina tu."