Lori la Papa Kataliko Lahamia Diski Mpya

Asubuhi ile Papa Kataliko alitoka mtaa wa Makomeno kwenda mjini amevaa koti lake la safari, lile la kuendeshea lori, ingawa mzigo wake ulikuwa kompyuta ndogo tu, iliyofungwa katika kitenge cha binti yake Benita.

Miaka thelathini na moja alipitisha maharage na vitunguu kati ya Butembo na Goma. Vita vikafunga barabara, lori likabaki upande wa pili wa mapigano, na nani analiendesha leo, na kama anajua hata kupima oili, hakuna ajuaye. Kilichobaki ni mchezo wa malori ndani ya kompyuta. Rigobert, aliyekuwa tanboi wake, yule utingo wa lori, alimtengenezea mod, yaani nyongeza ya kutia kwenye mchezo: lori lile lile la buluu, bampa lililopinda, maneno MUNGU HASINZII juu ya kioo, na mlima wa Kanyabayonga na kona zake zote. Kisha Rigobert akakimbilia Uganda, akaporwa kompyuta yake njiani. Nakala ikabaki moja duniani, na diski iliyoibeba ilikuwa imeanza kukwaruza.

Madeleine, fundi wa kompyuta karibu na posta, aliitegea sikio.

“Papa, hii disque iko inakohoa sawa muvuta tumbako.”

“Hamisha mzigo kabla haijafa, mama. Ukimaliza, fagia.”

Alimaanisha aifute ile ya zamani. Ndivyo walivyofanya wafanyabiashara wa kwao: ukihama ghala, unalifagia siku hiyo hiyo, mwenye nyumba asipate hata punje ya kukusengenya. Wahamaji wa siku hizi huacha maganda na chupa, wakaondoka wakipiga mluzi.

Madeleine akafunga diski mpya ndani, ya zamani akaiunga nje kwa waya, akahamisha folda ya mchezo. Kataliko alisimama mikono nyuma, kama anayesimamia wapakizi.

“Yote imeingia. Nifagie?”

“Fagia.”

Kidole kikaenda kwenye kitufe.

“Ngoja! Bado sijazunguka.”

Akamsimulia Madeleine desturi ile, pamoja na nusu yake nyingine: kabla ya ufagio, mwenye mzigo huzunguka ghala tupu, akigonga pembe zote kwa fimbo.

“Utazunguka mu disque na fimbo gani, papa?”

“Na lori. Fungua mchezo.”

Mchezo ukafunguka. Lori likatokea: jeupe, safi, halina hata mkwaruzo, limesimama kwenye lami ya Ulaya.

“Hii ni ya nani?” mzee akauliza.

Madeleine akashika kichwa. “Nilibeba muchezo peke yake. Mods zinalalaka kwingine, mu folda ya Documents.”

“Na ulitaka kufagia!”

“Weye njo ulisema nifagie, papa!”

Akairudia diski ya zamani. Faili zikaanza kuvuka, zikafika themanini kwa mia, zikasimama. Diski ikakwaruza, ikanyamaza. Kataliko akainua ngumi.

“Usipige! Haiko démarreur ya kuwashia lori!”

“Lori langu lilitii ngumi miaka kumi.”

“Hii iko mutoto wa mayai. Ngoja ipoe.”

Enzi za kuponya injini kwa ngumi na subira zimepita, imebaki subira. Mzee akaketi. Madeleine akaichomoa diski, akaiweka mbele ya feni. Dakika ishirini zilipopita, akaiunga tena. Themanini na moja. Tisini. Mia.

Lori la buluu likasimama kwenye skrini, bampa limepinda vile vile. Kataliko akapiga honi. Rigobert alikuwa ameinasa honi ya kweli, ile iliayo kama fahali mwenye mafua. Wateja wawili wakaruka. Mzee akapanda Kanyabayonga kona kwa kona, akikagua.

“Hata mama wa kuuza viazi yuko, kona ya tatu!”

“Sasa nifagie?”

Aliitazama diski ya zamani, vuguvugu bado mezani.

“Iache na vumbi lake. Nitaitia mfukoni.”

“Na mwenye nyumba akisengenya?”

“Asengenye. Panda, mama, tunaenda Goma.”