Waya Uliorudi Kwenye Kisanduku Chake

Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Maana mtandao wa kompyuta wa sekondari yetu, huku juu upande wa Vuga, unafanya kazi, na aliyeuinua ulipolala ni mimi. Aliyeulaza pia ni mimi. Nitayasema yote mawili.

Kazi yangu ni maji. Tangu sijaota ndevu nachimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya mlimani, hadi kwenye mashamba ya kabichi na karoti. Sikufundishwa na mhandisi. Nyumba yangu ya matofali, ng'ombe wangu, masomo ya binti yangu mpaka chuo kikuu, vyote vilitoka kwenye jembe na kwenye jicho linalojua maji yanataka kwenda wapi.

Binti yangu huyo ndiye mwalimu wa kompyuta pale shuleni. Alihangaika miaka miwili kuomba kompyuta, akapata kumi zilizokwisha tumika kwingine. Zikakaa kwenye maboksi kwa kukosa mtu wa kuziunganisha. Kisha ikaja barua ya wakubwa wa elimu: Ijumaa tunafika, tukizikuta hazijaunganishwa tunazihamishia shule nyingine huko tambarare. Alinisomea barua ile jikoni kwa mama yake.

"Baba, zikiondoka hizi, narudi kuwachorea wanafunzi kompyuta ubaoni kwa chaki."

"Hazitaondoka," nikamwambia. Sikuwa najua lolote, lakini nilishasema.

Jumatatu akaja fundi aliyeitwa na shule kutoka Tanga, mtu mzima mwenye miwani na begi la zana. Mimi nilikuwa darasani napiga randa mbao za kufunikia nyaya ukutani, kazi niliyojipa mwenyewe.

"Mambo, mzee!"

Nikaendelea na randa yangu.

"Mzee, mambo vipi?"

Randa. Akasimama, akajiangalia, akaelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, sasa tunaweza kuanza kazi."

Siku mbili nilimshikia ngazi na kumuuliza maswali. Mtu asiyesoma akinyamaza amekwisha.

"Hiki kisanduku chenye matundu mengi ni kitu gani?"

"Swichi. Kila kompyuta inaleta waya wake hapa. Moja ikitaka kusema na nyingine, swichi inajua ipitishe maneno tundu gani."

"Pale mfereji unapogawanyika."

"Sawa, tuseme hivyo."

"Na hiki chenye pembe mbili?"

"Ruta. Ndiyo inayotutoa hapa shuleni kwenda nje, kwenye intaneti."

"Mlango wa ndiva."

"Mzee, kwako kila kitu ni maji?"

"Kwani wewe unakunywa nini?"

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Lakini akanieleza vizuri, simnyimi haki yake. Kila kompyuta ina anwani, namba ambayo mwenzake hana. Maneno unayoyatuma hayaendi kwa mkupuo, yanakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinabeba anwani ya kinakokwenda. Hapo maji yakanishinda. Maji yangu hayajui ni ya nani mpaka mtu afungue tuta. Nikalikubali hilo kimyakimya, nikaendelea kushika ngazi.

Jumanne jioni kompyuta zote kumi zikawa zinasemezana. Binti yangu aliandika jina lake kwenye ya dirishani, likatoka kwenye printa iliyo kona ya pili. Aliibusu ile karatasi. Fundi akafunga begi akaenda zake.

Ingetosha. Lakini mimi nilibaki na mbao zangu.

Jumatano mchana, wanafunzi wakiwa shambani, nilikuwa peke yangu nafunga kwa skrubu kipande cha mwisho. Nikaona waya mmoja umechomekwa kwenye swichi, halafu ncha yake ya pili inaning'inia tu, haiendi popote. Kumbe fundi aliuacha makusudi, kwa ajili ya kompyuta ya ofisi ya walimu ambayo ingekuja baadaye. Mimi sikujua. Nilichojua ni desturi yetu: mfereji hauachwi mdomo wazi. Maji yaliyozidi shambani kwako unayarudisha mferejini yakamnyweshe wa chini. Ukiyaacha yamwagike, yanakata tuta la jirani, na wewe unaitwa kikaoni kama mwizi. Nimewaita wengi kikaoni kwa kosa hilo.

Kwa hiyo nikaishika ile ncha, nikatafuta tundu lililo wazi palepale kwenye swichi, nikaichomeka. Ikalia tik. Nikafunika na mbao, nikaenda nyumbani nimejaa sifa.

Alhamisi asubuhi binti yangu alinifuata shambani anakimbia, viatu mkononi.

"Baba, zote zimekufa! Hakuna inayoona printa, hakuna inayotoka nje!"

Tulipofika shuleni akampigia fundi, akanipa simu.

"Hiyo swichi itakuwa imeungua, mzee. Nitaleta nyingine Jumatatu."

"Jumatatu ya nini? Wakubwa wanakuja kesho."

"Sasa nifanyeje? Niko Zirai huku, nina kazi ya watu."

"Imeunguaje na taa zinawaka? Tena zinakonyeza zote kwa pamoja kama zina wazimu."

"Mzee, nakuomba usiguse kitu."

Nikamrudishia binti yangu simu. Alikuwa amekaa sakafuni anayatazama yale maboksi matupu, na najua alikuwa anawaza kuyajaza tena. Nikamwambia aniletee bisibisi nifungue mbao zangu.

Mfereji ukigoma, hukimbilii kusema ndiva imekauka. Unaanzia juu, unaziba tawi moja moja, unatazama. Ukiziba tawi na maji yakatulia, ugonjwa uko kwenye tawi hilo. Nikaanza. Nilichomoa waya wa ruta, taa zikaendelea na wazimu wao. Wa printa, vilevile. Kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Binti yangu akaja akasimama nyuma yangu, ananihesabia kwa sauti. Alipofika tisa, taa zikatulia. Mara moja, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nikaufuata waya ule wa tisa kwa vidole, nikipapasa kona hadi kona, kama ninavyopapasa bomba chini ya tope. Vidole vikanirudisha palepale nilipoanzia. Ncha moja ilikuwa mkononi mwangu, na ncha ya pili ilikuwa kwenye swichi ileile.

"Nani amefanya ujinga huu?" binti yangu akauliza.

Ningeweza kusema panya.

"Baba yako," nikasema.

Alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka akijishika mbavu, machozi yakimtoka, na mimi nikashindwa kujizuia. Halafu akanieleza. Kompyuta inapotafuta mwenzake hupaza sauti kwa wote: printa iko wapi? Swichi inaipeleka sauti ile kwenye matundu yote. Iliyotoka kwa tundu la waya wangu ilikuwa inarudi kwa tundu la pili, inatangazwa upya, inarudi tena. Maji nayarudisha yakamfae wa chini, na njiani yanapungua kwa kunywewa na udongo. Sauti ile haikuwa na wa chini, wala haikupungua, mpaka ikajaza njia yote na hakuna neno lingine lililopita.

Tukazirudisha nyaya nyingine zote, moja moja, na kila mara tukitazama taa. Ule mmoja nikauchomoa kabisa nikautia mfukoni. Kabla ya saa sita mchana kila kompyuta ilikuwa imetoa karatasi. Fundi nilimpigia mwenyewe.

"Swichi yako ni nzima. Nilikuwa nimeuzungusha waya."

"Umelijuaje hilo, mzee?"

"Kwa maji."

"Shikamoo, fundi," akasema. Safari hii sikumngojesha, nikaitikia marahaba.

Ijumaa wakubwa walikuja na pikapu tupu. Tupu, nakuambia, na kamba zimeshawekwa nyuma. Wakaingia darasani, wakakuta wanafunzi kumi mezani, kila mmoja na kompyuta yake, na msichana mmoja wa kidato cha pili akawatolea kwenye printa barua ya kuwakaribisha, imeandikwa na wanafunzi hao kwenye kompyuta kumi tofauti, kila mmoja sentensi yake. Mkubwa wao aliisoma mara mbili. Akauliza nani kafunga mtandao. Binti yangu akataja fundi wa Tanga, kisha akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa mlangoni, nimevaa makoti mawili na kofia kwa baridi ya huku juu.

"Na huyu ndiye aliyeutibu."

Mkubwa akanipa mkono. Akasema kompyuta zinabaki. Binti yangu akaenda kuyakunja yale maboksi matupu, moja baada ya jingine, akiyakanyaga kwa miguu.

Mimi nikamwambia dereva asiteremke mlima na gari tupu, ni aibu kwetu. Nikampakilia kabichi, na kamba zao zikapata kazi.

Waya ule ninao. Umetundikwa msumari mmoja na jembe langu.