Kahawa Niliyokunywa Kabla ya Dua

Nilipokuwa mtoto pale Homa Bay, miaka ya tisini, kutwanga kahawa ya Baba ilikuwa kazi yangu. Aliiuza sokoni kwa birika, ikiwa na tangawizi. Alasiri moja, nikiwa nimeinua mchi, Dani Abich akatokea uani, kitambaa kimemlegea kichwani.

"Mto umekata barabara ya Lambwe. Mama yako amerudi?"

Hakuwa amerudi. Alikwenda Lambwe alfajiri kununua maharagwe.

Dani alikuwa bibi wa majirani zetu, watu wa kusali Jumamosi. Kwao kahawa haikuingia nyumbani. "Nyathina, mtoto wangu, wacha hiyo kitu," aliniambia kila akipita. "Hiyo ni pombe ya watu wa msikiti." Nilimwamini. Wao hawakula nguruwe, nasi hatukula nguruwe; nikaona sheria yetu ni moja, ila Baba anajifanya haioni. Na madrasani tulikuwa tumesikia kwamba mnywaji wa pombe sala zake hazipokewi siku arobaini.

Adhuhuri hiyo nilikuwa nimemaliza masalio ya kahawa aliyoiacha Baba asubuhi. Vikombe viwili, kwa siri. Moyo ulinienda mbio.

Nikafagia palipokwisha kufagiliwa. Nikaenda barabarani, nikarudi, nikaenda tena. Baba alipofika aliweka birika chini, akasema tumwombee Mama. Wadogo zangu watatu wakanyoosha mikono. Mimi nilificha yangu mgongoni.

"Wewe je?"

"Yangu haitapokewa, Baba. Nimekunywa kahawa. Dani anasema ni pombe."

Alinitazama. "Unaitwa nani?"

"Zainabu."

"Hapa ni wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani hayupo?"

Nikaangua kilio.

"Basi akili unayo. Kilichoharamishwa ni kile kinachoiondoa. Dani ameacha kahawa kwa dini yake, mheshimu, sisi hatukukatazwa. Ila vikombe viwili kwa hako katumbo ni ulafi. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha, nikaomba.

Mama aliingia jua likizama, matope hadi magotini. Alikuwa amezunguka kwa daraja la juu. Sisemi ni dua yangu. Mama alijua njia.

Sasa nina watoto wangu, na kahawa nainywa kila siku. Bila hiyo sifiki jioni. Hukumu yake naijua. Hata hivyo mmoja wao akichelewa, nasukuma kikombe kando mpaka nisikie mlango. Dini hainikatazi. Siku ile ndiyo inayonikataza.

Jioni ile aliporudi, Mama alisonga ugali bila hata kubadilisha nguo. Dani akaja kuhakikisha kwa macho yake, na Baba akamwekea kikombe mbele. Akakinusa.

"Maziwa matupu, Dani," Baba akasema. "Hayajawahi kuingia msikitini."

Dani akacheka, akanywa. Mama akatuhesabu kwa mwiko: watoto wanne, Baba, Dani.

"Na mimi wa saba," akasema, akaketi.