Simu Aliyoipokea Nje

Nakumbuka siku moja ya Desemba 2007, mwanangu, hapa Nakuru, nilipompokonya simu mwanamume niliyetaka anioe. Leo naweza kucheka. Siku hiyo sikucheka.

Nilikuwa fundi wa nguo, naye Daudi aliuza mabati na misumari duka la ng'ambo ya barabara. Mtaani aliitwa Daudi wa Mabati, nami nikaridhika na hilo. Miezi minane tulikula chakula cha mchana pamoja, tukapanga hadi rangi ya mapazia. Kasoro ilikuwa moja tu: simu yake ikilia, alitoka nje, akageukia ukuta, akaongea kwa sauti ya chini. Nikajiambia, dalili ya mvua ni mawingu. Sikumuuliza kitu. Nilimpeleleza, nikamnusa kola ya shati kila alipoinama kula. Nilikuwa na wivu, usinione nimetulia hivi.

Siku hiyo nilimfuata nje, nikainyakua simu. Nikasikia mama mzee akiongea lugha nisiyoijua. Nikakata.

"Huyo ni mathe, mama yangu mzazi," Daudi akasema.

"Sasa mbona unajificha?"

"Siku hizi watu wanasikiza lugha yako kwanza, ndio waamue kama watakuchukia. Niliogopa hata wewe."

"Mimi, Daudi?"

"Hujawahi niuliza kwetu ni wapi."

Tukanuniana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Kura zikapigwa, vurugu zikazuka, duka likafungwa, simu yake ikawa haipatikani. Nikaenda kumtafuta uwanjani, walikopigiwa hema watu waliofukuzwa makwao. Mama mmoja aliyekuwa akiandika majina akaniuliza, "Daudi nani?"

Sikujua. Akaniuliza kwao ni wapi. Sikujua. Akafunga daftari lake polepole, maana siku zile mtu aliweza kumtafuta mwenzake kwa nia mbaya.

"Msichana, huyu ni nani wako?"

"Mchumba wangu."

"Mchumba hana jina la baba?"

Niliona haya, mwanangu. Nilikuwa nimemshuku Daudi miezi minane, na sasa nilishukiwa mimi, tena kwa haki.

Mwezi wa tatu alinipigia, yuko salama kwao. Nilimwomba arudi. Akasema mama yake bado anauliza ni nani aliyemkatia simu bila salamu. Hakurudi.

Basi nasikia nawe unamshuku huyo wako. Shuku, sikukatazi, wapo wanaostahili. Ila usishuku kimya. Mketishe, umuulize mama yake anaitwa nani, kwao ni wapi, anaogopa nini. Nawe akikuuliza, mjibu ukweli. Kuuliza si ujinga, na vyaelea vimeundwa. Ndoa huundwa kwa maswali kama hayo, mapazia yatapatikana baadaye. Akikasirikia swali la heri, hapo ndipo umtazame mara mbili.

Mungu akupe mwenzi anayepokea simu akiwa ameketi kando yako, na siku mama yake akipiga, akuulizie kwa jina.